Honi Mbili za Papa Lambert

Kisangani, Kabondo
Tarehe 2 Julai 2000

Kwako Yaya Angèle, dada yangu mkubwa,

Nakusalimu sana katika jina la Bwana, wewe na shemeji na watoto wote hapo Isangi. Natumaini mnaamka wazima, na kwamba goti lako limeacha kukusumbua. Ukiuliza habari zetu, tu hai. Najua mizinga mliisikia hata huko chini ya mto, na jinsi ninavyokujua, hujafumba jicho tangu siku zile. Basi pumua. Mimi nipo, mke wangu Florentine yupo, watoto wapo, na mama yupo, anakula vizuri na kugombana na kila mtu kama kawaida yake. Barua hii nampa Papa Ezéchiel, yule muuza chumvi, maana pirogi yake ndiyo mtumbwi wa kwanza kushuka mto tangu majeshi ya wageni yaache kupigana katikati ya mji wetu.

Yaya, nina neno la kukuita nyumbani, lakini nikilisema hivihivi utadhani akili yangu imeruka pamoja na mabomu. Kwa hiyo nivumilie, nianzie mbali.

Unaujua ugonjwa wangu wa vyuma. Mwaka jana, kabla ya Noeli, nilivuka kwenda Lubunga kutafuta pampu, na nyuma ya karakana ya reli nikaona jeep ya zamani ya jeshi, ya wakati ule wa uasi, majani yameifunika mpaka kwenye usukani. Mlinzi akasema imekaa pale tangu yeye akiwa kijana, na hakuna aliyewahi kuitaka. Mimi nikaitaka. Chasi ilikuwa nzima na injini haikupasuka. Tukaelewana siku hiyohiyo, na maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge. Tulifunga pirogi mbili kubwa ubavu kwa ubavu, tukalaza mbao juu, tukaisukuma jeep polepole mpaka ikakaa. Katikati ya mto wapiga kasia wote wakanyamaza. Nilidhani wanauogopa mkondo. Tulipofika ng'ambo mmoja wao akaniambia kwamba pirogi zilikuwa zimezama kuliko uzito wa gari lile, kana kwamba kuna mtu amekaa ndani. Nilimcheka.

Florentine hakucheka. Alisimama kwenye lango la kiwanja chetu, mikono kiunoni, akaniambia: “Vita iko ku mulango, na weye unaleta vita ingine ku parcelle?” Kwa siku kadhaa alinipikia bila kunisemesha. Unajua mwenyewe kwamba wali wa namna hiyo haushuki.

Basi nikaanza kazi. Nilikwangua kutu, nikafua vyuma kwa petroli, nikatoa kabureta ya lori moja lililokufa nikaibembeleza ikubali kukaa. Magurudumu niliyaficha chini ya kitanda cha mama, kwa sababu siku hizi gari lenye magurudumu ni la askari, na gari lililokaa juu ya matofali ni la mwenyewe. Kila fundi wa mji huu anafanya hivyo. Mama alilala juu ya magurudumu yale miezi yote, akilalamika kwamba kitanda kinanuka barabara.

Mambo mengine niliyaona nikajifanya sikuyaona. Kuku wetu hulala popote, hata kwenye sufuria, lakini hakuna hata mmoja aliyekanyaga jeep ile. Halafu kiti cha dereva. Nilikishona upya kwa turubai, nikakijaza sufi mpaka kikawa kigumu kama gunia la chumvi. Kila asubuhi nilikikuta kimebonyea pale katikati, kama kiti alichoinuka mtu sasa hivi. Niliwashika watoto masikio, wakaapa kwa Bikira Maria kwamba si wao. Nikakipigapiga kikajaa. Kesho yake kikabonyea tena.

Mama, kama ujuavyo, macho yake yamebaki kidogo sana. Kwa wiki nyingi hakujali kelele zangu za nyundo. Siku moja nilipofungua boneti alikuja na fimbo yake, akaanza kulipapasa gari kwa mkono, taratibu, anavyopapasa samaki sokoni. Mkono ukafika pale penye honi. Ukasimama. Akazipapasa zote mbili, moja nene na moja nyembamba, akaniuliza nani ameniambia. Nikajibu kwamba sijaambiwa kitu, nilizikuta hivyo. Mama akakaa chini, palepale kwenye mafuta, na liputa yake safi kiunoni.

Wewe hayo unayajua kuliko mimi, maana ulikuwa msichana mwaka ule wa uasi, 64, na mimi nilikuwa tumboni. Magari ya jeshi yalikuwa na honi moja. Papa Lambert, baba yetu, Mlokele asiyejua kunyamaza, alifunga mbili kwenye ile aliyoiendesha, sauti nene na sauti nyembamba kama midomo miwili ya ngoma yetu ya lokole, ili akitoka safari aweze kulipiga jina lake la ngoma, lile la mapigo, tangu barabarani. Mama alisema wewe ulikuwa unakimbia kufungua lango, na yeye anatia maji ya kuoga motoni. Mpaka siku aliyovuka na jeep kwenda Lubunga na hakurudi tena.

Mimi nimekulia mjini, ngoma za kwetu nazisikia kama mgeni. Jina la ngoma la baba yangu mwenyewe nilikuwa silijui. Mama akanigongea kwa kijiti kwenye beseni, mara moja tu, nami nikalishika kichwani. Nilijiona nimelijua.

Honi nyembamba ilikuwa imeungua. Niliifungua, nikaifunga kitambaa, nikailaza katika beseni, kwenye pembe ya jiko la nje, isubiri siku yake. Ile nene niliiunga kwenye betri, na baada ya mvua ikawa inalia yenyewe. Unyevu kwenye waya, hakuna zaidi, hata mwanafunzi wa ufundi angekuambia. Lakini kila ilipolia mama alikwenda jikoni kutia maji motoni. Nikachoka, nikaukata waya. Honi ikanyamaza, na mama akaendelea kutia maji. Nilipomuuliza sasa anasikia nini, alinitazama kwa huruma, kama mtu anayemtazama kiziwi.

Yaya, unakumbuka ulivyomwomba mama tufanye matanga ya papa, naye akakufukuza mezani mbele ya shemeji. Alisema hawezi kumlilia mtu ambaye hajaagana naye. Ndipo ukaenda zako Isangi na neno hilo likalala kati yenu miaka yote hii. Nilikulaumu wakati ule. Sasa naona nyote wawili mlikuwa na haki.

Basi vita vikaja. Mabomu yalipita juu ya mapaa yetu kutoka upande wa daraja la Tshopo, umeme ukakatika, maji yakakatika. Tulilala chini ya meza. Asubuhi moja bomu lilianguka kwa jirani, na mtaa mzima ukaanza kukimbilia barabara ya Lubutu, watu na magodoro vichwani. Nikamwambia mama twende. Akasema haendi. Akasema: “Lambert akikuya, asikute mutu?” Nilimwinua, akashika mwimo wa mlango wa jiko akapiga kelele mpaka nikaogopa mifupa yake itavunjika. Florentine alilia, watoto walilia. Hapo nilikuwa na mama wa kumwacha au watoto wa kuwaua, na hakuna njia ya tatu.

Sasa nakueleza nililofanya, na usinihukumu kabla ya kumaliza kusoma.

Nilitoa magurudumu chini ya kitanda nikayafunga. Nikaunga betri, nikaunga na waya wa honi. Injini ikashika. Watoto na Florentine wakapanda nyuma. Nikasimama nje ya gari, nikaingiza mkono, nikalipiga jina la baba yangu kwa honi ile nene, kama mama alivyonigongea kwenye beseni. Nilimwita mama yangu kwa sauti ya marehemu, ili nimdanganye atoke. Niliona aibu kama mwizi.

Mama alitokeza kwenye mlango wa jiko. Akasimama, kichwa amekiinamisha upande, anasikiliza. Hakuja. Mimi nikakimbia kufungua lango, nikidhani sasa nitambeba tu, liwe liwalo. Mikono yangu yote miwili ilikuwa kwenye komeo nilipogeuka nikamwona anacheka. Akaiacha fimbo yake chini, akatembea mwenyewe mpaka kwenye jeep, akapanda mbele. Niliporuka kwenye usukani, kiti kilikuwa kimebonyea, na kilikuwa na joto. Mimi nilikuwa bado sijakikalia.

Tulifika salama kwenye kanisa moja dogo barabara ya Lubutu, tukakaa huko na watu wengi mpaka mabomu yalipokwisha. Jioni ile ya kwanza nilipiga magoti mbele ya mama nikamwomba radhi, nikamwambia kwamba honi niliipiga mimi. Akanishika kichwa. Akasema: “Ile ya kwanza najua ni weye. Ulipiga na kinywa moja. Papa yenu hapigaka na kinywa moja. Ile ya pili ndio ilikuwa yake.”

Nilimwambia hakukuwa na ya pili. Akasema ilikuwapo, sauti zote mbili, nene na nyembamba, jina zima na mkia unaolimalizia. Tena haikuwa ile ya kufika. Ilikuwa ile ya kuondoka, ambayo papa alizoea kuipiga asubuhi akitoka langoni. Mama akasema: “Ameniaga. Sasa munyoe kichwa yangu.”

Tuliporudi nyumbani tulikuta jiko la nje limekuwa shimo. Mawe ya moto hayapo, mlango aliokuwa ameushika haupo. Beseni nililiona limetobolewa pembeni, na honi nyembamba ilikuwa bado ndani yake, imeungua vilevile, imefungwa kwenye kitambaa nilichoifungia mwenyewe.

Wiki iliyopita askari walikuja wakaichukua jeep. Nilisimama langoni wakiivuta kwa kamba, nikingoja ipige honi kwenye kona. Haikupiga. Asubuhi ile kabla hawajaja kuku alikuwa ametaga yai kwenye kiti cha dereva.

Kwa hiyo, Yaya, nakuita uje tufanye matanga ya papa. Mama amesema hanyolewi nywele za ujane na mkono wa mtu mwingine isipokuwa binti yake wa kwanza. Amekataa hata wembe wa Florentine. Njoo kabla hajafa, na kabla wakubwa hawajapata sababu nyingine ya kupigana.

Jambo moja nimekubakizia wewe peke yako. Mama aliniuliza kama nilisikia, nikasema hapana. Florentine aliniuliza, nikasema mabomu yaliniziba masikio. Padri naye nilimjibu hivyohivyo. Nimesema uongo kwa wote, Yaya. Nilikuwa nimeshika komeo la lango na niliisikia nyuma yangu, nene na nyembamba, jina lote na mkia ambao mama hakunigongea kamwe. Miaka yangu yote ni mara yangu ya kwanza kumsikia baba yangu, na alikuwa anaaga. Ukifika usiniambie neno. Kaa mezani, ugonge kwa kidole ile ya kuondoka unavyoikumbuka, nami nitakuambia kama ndiyo.

Florentine anakusalimu sana, na watoto wanamsalimu shemeji na binamu zao. Mama anasema ulete samaki wa kukausha, wa huko ni wazuri kuliko wa huku, na usichelewe kama baba yako. Bwana awalinde njiani.

Ni mimi mdogo wako,
Ruphin