Damu Yako Ibaki

Mama uliyenioa,

Ningekuamkia shikamoo, lakini hukuipenda ikitoka kwangu. Ulisema inakuzeesha mbele ya wateja. Basi nakusalimu tu. Nimerudi kutoka kliniki ya macho Mwanza, na hapa Nkende sina mtu wa kumpa habari kama nilivyozoea kukupa wewe, kuanzia mwanzo kabisa, na makelele yote ya njiani.

Majirani wapya, wasio Wakurya, wakisikia niliolewa na mwanamke wanacheka kwanza ndipo wanauliza. Nawaeleza nyumba ntobhu: ulizaa mabinti tu, wote wakaolewa, ndipo ukatoa ng'ombe kwetu ukanioa mimi, ili watoto wangu wawe wajukuu zako na mji wako usifungwe. "Alikuwa mkali?" wanauliza. Nawaambia ulikuwa mkali kwa matapeli na kwa ugali uliolala, basi. Nilipendwa, Mama, na nilijua kwamba napendwa.

Unakumbuka rashi ya dhahabu ilipoingia Genkuru? Watu walitoka kila upande, hata ng'ambo ya mpaka wa Sirari, wakalala kwenye maturubai. Wewe uliuza chai na maandazi, mimi nikashinda mwaloni, pale pa kuoshea dhahabu, nikiosha mchanga uliosagwa na karasha, ile mashine ya kuponda mawe. Vumbi lilinisumbua jicho la kulia mpaka ukanikokota kwa madaktari waliokuja Tarime mjini kupima macho. Vumbi lilisafishwa siku hiyohiyo. Lakini daktari alipomulika ndani aliona kitu kingine, ambacho hakikutokana na vumbi: doa jeusi nyuma ya jicho, mfano wa baka la kuzaliwa kwenye ngozi. Akatutuma Mwanza.

Kule tuliambiwa maneno yaliyotukata hamu ya chakula. Doa la namna ile mara nyingi hukaa hivyohivyo maisha yote. Mara chache hukua, likawa saratani. Tukiwahi kulichoma kwa mionzi, ningeweza kupoteza uwezo wa kuona kwa jicho lile. Tukingoja, ningeweza kupoteza zaidi ya jicho. Sasa langu ni la aina gani? Daktari alisema wako kwenye utafiti: wanachukua damu ya watu wenye madoa, wanafuatilia ni ya nani yatakua, kisha wanatafuta ndani ya damu dalili ambayo ingewaonya mapema. "Kwa sasa damu haina jibu," alisema. "Tutategemea picha za jicho."

Nilikubali kutoa damu. Nikanyoosha mkono, nawe ukasimama kati yangu na kijana wa maabara aliyeshika sindano.

"Mura, toa kwangu," ulimwambia, ukimwita kijana kwa Kikurya. "Huyu ananyonyesha."

"Mama, jicho ni lake."

"Na yeye ni wangu. Nilitoa ng'ombe! Damu ya nyumba hii ni moja."

Kijana wa watu akakueleza taratibu kwamba ng'ombe hawabadilishi damu. Ukamjibu kwamba basi hajawahi kuona ng'ombe wa Wakurya. Foleni nzima iliangua kicheko, nami nikacheka, na hofu ikanipungua kwa mara ya kwanza tangu tutoke nyumbani. Ndipo akasema kwamba, kwa kweli, wanahitaji pia damu ya watu wasio na doa ili walinganishe. Akakupima macho, akakuta ni safi, akakutoa damu. Ulitoka umebana pamba mkononi, unatembea kama mgombea aliyeshinda udiwani.

Njiani nilikuuliza tufanyeje. "Tungoje," ulisema. "Kwani mimi naenda wapi?"

Ukaenda, Mama. Ulienda wakati wa kuvuna mahindi, usingizini, bila kumsumbua mtu. Nililia mpaka mjukuu wako mkubwa, Chacha, akadhani jicho limeanza kuuma.

Juzi nimekwenda kliniki peke yangu. Waliweka picha mpya kando ya zile za zamani: doa halijaongezeka hata kidogo. Damu bado haijawapa jibu la kuaminika, daktari alisema hivyo waziwazi, na wala sikukasirika. Nimezoea kuishi na doa langu. Duka lako la chai linakwenda, Chacha anasoma, na macho yangu yote mawili yanaona. Nina furaha, sioni kwa nini nikufiche.

Kisha daktari akauliza yule mama wa ng'ombe yuko wapi. Nilipomwambia, alinipa pole. Akasema damu yako bado wameihifadhi kwenye jokofu kwa ajili ya utafiti, lakini familia ikitaka iondolewe, wataiondoa. Akaniuliza kwa upole, maana undugu wetu ulimchanganya tangu siku ile ya kwanza:

"Samahani, wewe ni nani wake hasa? Nataka kujua kama una haki ya kuamua."

"Mimi ndiye nyumba yake," nikamwambia. "Damu ibaki."

Pumzika, Mama.

Mkeo