Mvumo Umekufa, Bado Shii

Tarehe 3 Machi

Binti yangu,

Salamu nyingi kutoka kwa baba yako, ambaye hajambo isipokuwa goti la kushoto, linalojua hali ya hewa kuliko hiyo redio unayofanyia kazi. Wewe je? Unakula, au bado unaishi kwa chai na mkate wa dukani? Niandikie ukweli. Na usiniambie tena nipige simu. Watu wa simu siku hizi wananong'ona, na mimi siwezi kushinda nikiuliza "nini? nini?" huku wagonjwa wamejaa kwenye benchi la zahanati.

Mgonjwa wako, yaani hilo sanduku la kukuza sauti ulilonitengenezea, amefika salama. Mwenzako wa kazini alimleta mpaka mlangoni, amefungwa kwenye taulo. Nimemweka mezani sebuleni, kati ya mashine ya santuri na spika, kama ulivyochora. Sahani ya kwanza ilikuwa ile ya tarumbeta aliyoipenda marehemu mama yako. Muziki ulitoka, sikatai. Ila chini yake kuna mvumo, mmmmm, mzito, na hauna hata adabu ya kunyamaza wimbo unapokwisha. Halafu kuna kioja: nikigusa chuma cha mashine kwa kidole, mvumo unapungua. Nikiondoa kidole, unarudi. Kwa hiyo jana nilisikiliza upande mzima wa sahani nimeshika chuma, kama mtu anayepima mapigo ya moyo. Chai ikapoa mbele yangu.

Nesi, unamjua alivyo, anadai ipo na sauti nyingine, shiii, ya mafuta kwenye kikaango. Mimi sijaisikia. Nesi huyu huona mdudu hata kwenye sukari safi. Nimeiandika tu ili maelezo ya mgonjwa yakamilike.

Nipe dawa. Na kama ungemaliza ile miaka miwili ya udaktari iliyokuwa imebaki, leo ungekuwa unatibu watu, si masanduku. Nimesema, nimemaliza.

Baba yako


Tarehe 14 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima, nakula, na juzi nilipika mwenyewe wala sikuunguza kitu. Pole na goti. Lipake ile dawa unayowapa wenzako na kuikataa wewe.

Habari ya kidole kwenye chuma imenichekesha mpaka wenzangu wa studio wakauliza kuna nini. Baba, mwili wako ulikuwa unafanya kazi ya waya! Nyuma ya mashine ya santuri kuna waya mwembamba wa kijani unaoning'inia. Huo ni wa ethi, wa kuondoa umeme uliopotea. Ufunge kwenye skrubu iliyo nyuma ya sanduku langu, ukaze, kisha unywe chai yako ikiwa moto. Halafu lile boksi zito jeusi linaloingia kwenye umeme, transfoma, umeliweka wapi? Nakujua, umelipanga kando ya sanduku ili meza ipendeze. Lisogeze mbali, urefu wa mkono hivi, maana mvumo wake unaingia kwa jirani. Na nyaya za umeme zisilale pamoja na nyaya za muziki. Zikilazimika kukutana, zikatane njia panda, kila mmoja uende zake.

Kuhusu shii, mwombe radhi Nesi. Anasema kweli. Nilitumia rezista za bei rahisi, vile vipande vidogo vya kupunguza umeme ndani ya sanduku, na zile huwa na kelele zake zenyewe. Mbaya zaidi ni ile ya mwanzo kabisa, pale sauti ya sindano inapoingia, maana kelele ya pale inakuzwa pamoja na muziki. Nimeagiza nyingine nzuri. Ila nifanyie kipimo kwanza. Inua sindano, usiweke sahani, fungua sauti mpaka mwisho, kaa karibu na spika. Uniambie unasikia nini: mvua, kikaango au upepo. Nitajua kama nibadilishe moja au zote.

Ya udaktari tusiyaanze tena. Unajua nilivyoondoka chuoni, nami najua ulivyoninunia.

Mwanao


Tarehe 29 Machi

Binti yangu fundi,

Hujambo? Sisi hapa wazima. Nesi anakusalimu na anasema amenisamehe, ingawa sijui kosa langu ni lipi.

Nimefanya yote kama ulivyoagiza. Waya wa kijani nimeukaza kwa kisu cha mezani, bisibisi haikuonekana. Boksi jeusi nimelihamishia kwenye stuli kule dirishani. Nyaya nimezitenganisha. Mvumo umekufa! Nilikaa kitini, mikono yangu yote miwili mapajani, nikasikiliza tarumbeta kuanzia mwanzo hadi mwisho. Nilikuwa sijakaa hivyo tangu mama yako atutoke.

Kisha nikafanya kipimo chako. Nilifungua sauti mpaka kitufe kikagoma, nikasogeza sikio kwenye spika. Binti yangu, sikusikia kitu. Si mvua, si kikaango, wala upepo. Kimya kitupu! Nadhani ule waya wako umeponya magonjwa yote mawili kwa pamoja. Nesi alipita mlangoni na sinia la vifaa, akaziba masikio na kupiga kelele, "Daktari, zima hiyo kitu!" Mzaha wake ule ule.

Wewe unajua mimi si mtu wa kumwaga sifa. Lakini kutengeneza kitu kwa mikono yako, kikafunguliwa mpaka mwisho na kisitoe hata pumzi, hiyo ni kazi ya mtu anayeijua kazi. Nimewaambia hata wagonjwa. Hizo rezista nyingine usizinunue, weka fedha zako.

Baba yako anayejivuna


Tarehe 9 Aprili

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii imekukuta mzima, na umekaa.

Umeniita fundi. Umesema unajivuna. Nimelingoja neno hilo tangu siku niliyobeba mabegi kutoka chuoni, na nilipolisoma nililia, sikufichi. Nikaikunja barua nikaitia mfukoni. Nikaitoa tena kuisoma kwa raha, na safari hiyo nikaona kilichonipita.

Baba, shii haijaondoka. Waya wa ethi unaua mvumo tu, shii hauigusi. Kabla sijalifunga sanduku lile nililifungulia mpaka mwisho hapa studio, na shii ilijaa chumba kizima. Mwenzangu aliisikia akiwa nje koridoni. Nesi hakuwa na mzaha alipoziba masikio. Ilikuwa inamwumiza.

Mvumo ni sauti ya chini, na wewe uliusikia vizuri. Shii iko juu, na huko juu wewe husikii. Ndiyo maana unaona watu wa simu wananong'ona. Hawanong'oni, baba. Sauti zile nyembamba zinazotenganisha neno na neno ndizo zinazokupotea.

Ningeweza kuyanyamazia haya yote. Ningekuletea rezista, ningezibadilisha, ungeendelea kunisifu, nami ningeendelea kufurahi. Kinachonikosesha raha ni ile stetoskopu inayoning'inia shingoni mwako kila asubuhi. Ule mluzi mwembamba wa kifua cha mtoto, ulionifundisha kuusikiliza nikiwa mdogo, uko huko huko juu na shii. Sijui kama umewahi kuukosa. Labda hujaukosa hata mara moja. Lakini siwezi kukaa hapa na sifa zako mfukoni huku mtoto wa mtu akirudishwa nyumbani kwa kuambiwa kifua ni safi.

Nakuomba ukapimwe masikio.

Mwanao


Tarehe 20 Aprili

Kwa fundi mitambo,

Barua yako nimeipata.

Nimesikiliza vifua vya watoto kabla wewe hujazaliwa, na baadhi yao leo wananiletea watoto wao. Sina haja ya kupimwa na spika, wala na mtu aliyeona udaktari mgumu akaukimbia. Kikuza sauti chako nimekizima na kukifunga kwenye taulo lake. Akitokea msafiri wa kuja huko, nitamkabidhi.

Daktari wa zahanati


Tarehe 2 Mei

Baba,

Shikamoo. Hali yangu si nzuri wala si mbaya. Nakuombea wewe uzima, na goti lako pia.

Umenichoma, na najua nami nilikuchoma kwanza. Jambo zito lile lilistahili nije nikae mbele yako, badala ya kujificha nyuma ya karatasi. Kwa hilo naomba radhi. Kwa nililolisema siombi, maana bado naliamini.

Nina ombi moja tu. Akija mtoto anayekohoa, msikilize wewe kwanza, uandike ulichosikia, uikunje karatasi. Kisha mpe Nesi asikilize bila kumwambia kitu, naye aandike. Halafu mzifungue zote mbili. Mkifanya hivyo kwa watoto wa wiki nzima na karatasi zikafanana, nitakuja hapo kukupigia magoti mbele ya wagonjwa wako, na neno masikio halitatoka tena kinywani mwangu.

Mwanao, upende usipende


Tarehe 11 Julai

Mwanangu,

Hujambo? Mimi mzima. Najua umesubiri mpaka ukachoka. Nilikuwa na hasira, na hasira ilipokwisha nikashikwa na aibu. Mtu mwenye aibu huandika polepole.

Barua yako ya mwisho niliiacha chini ya bakuli la sukari, nikawa naiona kila nikinywa chai. Mwishoni mwa Mei nikapiga moyo konde, nikasema acha nimkomeshe huyu. Asubuhi hiyo akaja mama na mtoto ambaye hajaanza kutembea, anakohoa. Nikamsikiliza mbele na nyuma, nikaandika "safi", nikaikunja. Nikamwita Nesi. Alisikiliza mgongoni, akanitazama, akasikiliza tena, akaandika. Tukafungua. Yake ilisema: mluzi, pande zote mbili.

Nilimchukua tena yule mtoto nikamsikiliza mpaka akanikojolea. Sikusikia kitu. Ndipo nikamtazama, na nikaona ngozi ya katikati ya mbavu inavyobonyea ndani kila anapovuta pumzi. Mwanafunzi wa wiki ya kwanza angeiona. Mimi sikuitazama, kwa kuwa masikio yalikuwa yameshaniambia safi.

Alipata dawa, sasa anatambaa. Tuliwaita wote niliowapima wiki ile, Nesi akawasikiliza upya, na wengine wawili wakahitaji kutibiwa. Wamepona. Wale wa miezi ya nyuma siwezi kuwasikiliza tena. Hakuna aliyerudi na malalamiko, lakini hilo haliniondolei hofu, nalala nalo na kuamka nalo.

Nikaenda hospitali kubwa kupimwa. Waliniweka kwenye kichumba, wakanivalisha vitu masikioni, wakanipa kitufe. Ukisikia sauti, bonyeza. Zikaja sauti za chini, nikabonyeza, nikajiona hodari. Kisha kimya. Nikangoja, kidole kiko juu ya kitufe. Nikafikiri mashine yao imeharibika. Yule kijana alipofungua mlango nikamwuliza, "Mnaendelea lini?" Akaniambia kwa upole, "Tumemaliza, mzee."

Nilikaa kwenye ngazi za hospitali nikalia. Nami sikufichi.

Sasa stetoskopu anaivaa Nesi. Mimi natazama, nagusa, nauliza maswali mengi, na kazi inakwenda. Wameniahidi vifaa vya masikio, tutaona. Kwenye benchi wananong'ona kwamba daktari amezeeka. Safari hii ni kweli wananong'ona, Nesi ndiye aliyenieleza.

Na wewe. Nilikuita fundi kwa sababu sikusikia kosa lako, kwa hiyo sifa ile naifuta. Ile dharau ya kukimbia udaktari naifuta pia. Katika maisha yangu nimeona madaktari wengi walioumeza ukweli kwa kumwogopa mgonjwa, hasa mgonjwa mwenye cheo. Wewe ulikuwa na sifa yangu mkononi, ulijua ukisema utaipoteza, na ukasema. Sikukufundisha mimi hilo. Ningependa kudai nilikufundisha, ila sijui ulilitoa wapi.

Sanduku nimelitoa kwenye taulo. Nesi anasema shii ipo vile vile na inamkera. Njoo na hizo rezista zako. Nitakushikia tochi, Nesi atakaa kwenye spika, na mkiniambia imekwisha, nitaamini.

Baba yako