Maksai Aliyezikwa na Nyama Yake

Mpendwa Mshauri,

Salamu nyingi kutoka Kasoli, na msaada nauomba kabla sijamaliza hizo salamu. Mimi ni mke wa Januarius, mwenyekiti wa jumuiya yetu ya Kikristo, na shida yangu ni furaha. Mwaka jana bei ya pamba ilipoanguka mikononi mwa hawa wanunuzi binafsi, watu wote walinuna lakini mume wangu akaimba, Padre akaona, na Jumapili akatangaza kigangoni kwamba anayetaka kuona furaha ya Mkristo katika shida amtazame Januarius, na tangu siku ile, Mshauri, nyumbani kwangu hakuna aliyeruhusiwa kununa, hata mtoto akiumwa tumbo anaambiwa alie huku anatabasamu.

Sasa mwezi uliopita mmoja wa maksai wetu wawili aliugua ndigana, ugonjwa wa kupe, maana josho la kuogeshea ng'ombe halina dawa tangu tuambiwe kila mfugaji ajinunulie, nikasema tumchinje angali anahema, tuuze nyama tupate pa kuanzia, mume wangu akakataa kwa sababu ng'ombe akichinjwa majirani huja, na majirani wakija huuliza, na wakiuliza itabidi mtu aonekane ana huzuni, basi maksai akafa, na siku ya mnada, watu wote walipokwenda mnadani, tukachimba shimo nyuma ya zizi tukamzika mzima, mimi nikiwa na koleo na yeye akiimba pambio.

Mvua zimeanza, mbegu ya pamba iko ndani, maksai mmoja havuti plau, tunalima kwa jembe la mkono na hata robo ya shamba hatujafika, na tusipopanda sasa sijui mwakani tutakula nini wala binti yetu Anna atasomaje. Jirani yetu Mwandu, mfugaji ambaye hasali kokote na tunamwombea kila Alhamisi jumuiya ikikutana, alipita akaniuliza, "Mayu, mbona mnahangaika na jembe la mkono na ng'ombe mnazo?" Mume wangu akajibu kwamba mwaka huu tunalima kwa furaha. Mwandu akamtazama, akasema, "Na hiyo furaha inavuta plau?"

Baada ya siku chache mbwa wake wakafukua shimo letu, naye akaja na mguu wa ng'ombe ndani ya gunia, wala hakucheka, akasema, "Nyama mmetunyima, sawa. Hata nafasi ya kuwapa pole mmetunyima?" Kisha akasema jozi yake ya maksai ipo, tuichukue tulimie. Mume wangu akatabasamu, akamwambia tumebarikiwa, hatuna shida yoyote, na Mwandu akaondoka na gunia lake. Tulipobaki wenyewe akaniambia kwamba Mwandu akituona tunalia hatamjua Kristo kamwe. Je, nikienda kuwaomba wale maksai nitakuwa nimeharibu ushuhuda wa mume wangu? Jina langu liandike tu, nimechoka kuficha.

Generoza, Kasoli, Bariadi


Mama Anna,

Pole. Naanza na hiyo kwa sababu naona huko kwako imeadimika kuliko dawa ya josho.

Nimezaliwa Maswa, nimekulia kwenye ng'ombe, na sijapata kusikia Msukuma aliyezika maksai na nyama yake. Barua yako nimeisoma mara mbili nikidhani umekosea kuandika. Hongereni sana. Mchwa wa Kasoli wamepata sikukuu yao, na hawakulazimika hata kutabasamu.

Mumeo anaivaa furaha kama sare ya kazi. Padre alimsifu nayo siku moja, na sasa anaogopa kuivua hata akienda kulala. Bwana wetu mwenyewe alilia kaburini kwa rafiki yake, watu wakimwona, wala hakuwaomba wageukie pembeni kwanza. Januarius amemzidi? Na huyo mwenyekiti anayewafundisha wenzake kila Alhamisi kubebeana mizigo, wa kwake kaufukia nyuma ya zizi! Wangeubebaje?

Na wewe usijifiche nyuma ya pambio lake. Koleo lilikuwa mikononi mwa nani? Ulijua la kufanya ng'ombe angali anahema, ukalisema mara moja, ukanyamaza. Nakuonea huruma kweli, mama, lakini huruma hailimi.

Fanya hivi. Leo mwonyeshe mumeo ukurasa huu, na akifoka mkumbushe kwamba Padre naye hununua gazeti. Kesho asubuhi nendeni wote wawili kwa Mwandu. Akikataa kwenda, nenda peke yako. Kuomba maksai kwa jirani hakujawahi kuhitaji kibali cha mwenyekiti. Msianze na habari za plau. Anzeni na samahani, kwa sababu mlimfukuza mtu aliyekuja kuwapa pole. Mkae, mumwache aiseme pole yake yote, na machozi yakija yaje. Ndipo muombe maksai, mlime, mpande, mvua haimsubiri mtu amalize kujisifu.

Alhamisi Januarius asimame mbele ya jumuiya aseme: maksai wangu alikufa, nikaumia, nikaficha, jirani yangu akaniazima wake. Akimaliza, kama bado anataka kutabasamu, ruksa. Safari hii atakuwa na sababu.

Mmekuwa mkimwombea Mwandu auone mfano wa Mkristo. Mfano ulikuja mlangoni kwenu kwa miguu yake, ukiwa na gunia mkononi, nanyi mkaurudisha. Siku ya kulima mpikieni nyama. Ya kuku inatosha. Ya ng'ombe mlishaupa udongo.

Bibi Lukresia