Stima Alipobaki Msituni

Baba Imani wangu,

Kabla ya yote ujue bado nimekukasirikia. Watu wananiambia marehemu hakasirikiwi, lakini hao hawakuishi na wewe. Hawakuwahi kuachiwa picha isiyo na maneno na mtu ambaye hawezi tena kuulizwa alimaanisha nini. Naiandika barua hii wazi, yeyote asome, kwa sababu watoto wa Kambi Muru, kule Kibera tulikokaa, na hawa wa hapa Kawangware wamenisumbua sana juu ya toleo la nne la katuni yetu, na nimechoka kuwaambia linakuja.

Asiyetujua ajue hivi. Wewe ulikuwa unachora, mimi natunga maneno. Mchana ulichora mabango ya vinyozi na ya mama wauza chipsi, na ukipata nafasi unachora katuni yetu, Kikosi cha Mabati, mashujaa watatu wa Kibera. Stima, jamaa wa umeme anayeweza kuingia ndani ya waya akatokea ploti nyingine, kwenye vyumba vya wapangaji wengine. Masikio, mama anayesikia kila kitu kinachosemwa nyuma ya mabati. Na Kadogo, msichana anayepenya kwenye vichochoro ambavyo hata paka anafikiria mara mbili. Stima ulimpa sura yako, tena ukamwongezea mabega. Masikio ulimpa sura yangu, na masikio kama sahani. Nilikununia wiki nzima. Ukasema, "Si wewe ndiye unajua kila mtu amepika nini?" Kadogo alikuwa na nywele za Imani wetu, lakini Imani alikataa kumsoma. Alisema Kadogo haongei vya kutosha. Yeye alitaka kusoma Stima, basi ukamfundisha ile sauti nzito ya kutoka tumboni.

Na sheria ilikuwa yako. Picha kwanza, maneno baadaye, na mchoraji haulizwi. Unanipa kurasa zenye mawingu ya maneno, matupu, juu ya vichwa vya watu, mimi nayajaza kwa kuangalia nyuso zao. Kisha kabla ya kwenda saiba, kule kwenye kompyuta, kutoa nakala, tunaanika kurasa kwenye kamba ya nguo, tunazibana na pegi, watoto wa ploti wanakuja kusoma kwa sauti, kila mtu na shujaa wake. Wakichoka wakaenda kucheza, ukurasa huo unachanwa. Uliwachania kurasa nzuri sana, mimi roho ikiniuma.

Toleo la nne ulilipata kwa Habuba, yule nyanya Mnubi aliyekuwa mwenye ploti yetu. Alikaa mlangoni akituambia babu yake askari alipoletwa pale palikuwa msitu, chui wanalia, hakuna hata njia. Nikaona macho yako yamewaka, nikajua kazi imeshaingia. Ulirudi na hadithi nzima. Bwana Tingatinga amechoka kubomoa nyumba na kuona watu wanajenga tena. Sasa ameiba mlango wa mabati wa Habuba, mlango ambao ukiufungua unatokea zamani, naye anapita na tingatinga lake kwenda kuufyeka msitu kabla wale askari, akina babu yake Habuba, hawajapewa wakae. Akifaulu, Kibera haitakuwepo. Hakuna ploti, hakuna bomba la maji tulipokutana wewe na mimi tukigombania foleni, hakuna Imani. Kikosi kinamfuata.

Ulichora kurasa nyingi kabla hujanionyesha. Msitu mzuri, miti mpaka juu, Stima amesimama katikati amekunja mikono. Nikaangalia, nikacheka mpaka nikakaa chini. Nikakuambia, "Baba Imani, huko hakuna stima." Ukaniuliza nini. Nikasema, "Waya iko wapi? Nguzo iko wapi? Umempeleka mtu wa stima mahali ambapo stima haijafika." Sisi wa Kibera tumezoea waya juu ya kichwa kama kamba za nguo, hata ukichora msitu wa zamani unasahau kwamba haikuwepo. Nilidhani utafuta. Hukufuta. Ulichukua kalamu, ukaanza kumpunguza Stima kidogo kidogo, ukurasa kwa ukurasa, mwili unafifia, mpaka mtu anaona miti nyuma yake.

Wakati huo na wewe ulikuwa umeanza kuvimba miguu. Tukaambiwa ni figo, kwamba damu yako itakuwa inatolewa nje, isafishwe na mashine, irudi. Mkono wa kushoto ulikuwa na mirija, wa kulia ulikuwa unachora. Manesi walikuzoea, ukawachora na wao. Mimi nilikaa hapo hospitali kwenye kile kiti cha plastiki nikijifanya nasoma mawingu yako. Nilikuwa naangalia mashine tu.

Unakumbuka siku stima ilipopotea? Mchana kweupe. Mashine ililia, taa zake zikabadilika, na lile gurudumu dogo la kusukuma damu likasimama. Damu yako ilikuwa nje ya mwili wako, imejaa kwenye mirija, haiendi mbele wala nyuma. Jenereta tukaisikia huko nje ikikohoa na kuzima, ikikohoa na kuzima. Nesi alikuja mbio, akafungua kifuniko, akachomoa kishikio, akaanza kuizungusha kwa mkono. Akaniambia, "Mama, shika hapa. Ukiona mrija umejikunja uniambie. Usiachilie." Nikashika. Ulikuwa na joto ule mrija, joto lako. Nesi anazungusha, jasho linamdondoka, wagonjwa wengine wanaita, na yeye ana mikono miwili tu. Nikaanza kuomba, nikasahau maneno katikati, nikarudia mwanzo. Nilijua kabisa nikitikisika kidogo nitakupoteza hapo hapo. Nikakuangalia usoni nione kama bado upo.

Na wewe ukatabasamu, ukasema, "Umeona? Huku hakuna stima."

Nilitaka kukuzaba kofi. Nakuambia ukweli, mkono ungekuwa huru ningekuzaba. Jenereta ikashika, mashine ikaamka, nesi akakaa sakafuni, nami nikatoka nje kulia mahali usiponiona.

Niliporudi ulikuwa unachora ukurasa wa mwisho. Ukanipa. "Haya, kazi yako," ukasema, ukageuka ukalala. Nikauangalia. Stima hajazimika, kwa sababu katika msitu wote ule kuna kitu kimoja chenye stima, nacho ni betri ya lile tingatinga. Ameishika kwa mikono yote miwili, anainyonya stima yake, amekaa chini, miguu ameinyoosha, amejibana kwenye ule mtambo mkubwa. Akiiachilia, tingatinga linawaka na kumaliza msitu. Akija nayo mlangoni, tingatinga nalo linakuja naye mpaka nyumbani. Upande wa pili wa mlango, nyumbani, Kadogo ameshapita. Masikio amesimama kizingitini, ameshika mlango, amemnyooshea Stima mkono. Juu ya Stima wingu tupu. Juu ya Masikio wingu tupu.

Nilielewa. Sikutaka kuelewa. Nilikuletea supu, tukaongea habari ya chumvi kuzidi. Wiki hiyo haikuisha ukiwa nasi.

Tulikuzika kwenu, kama ulivyotaka. Imani hakulia, na watu wakamsifu, eti mtoto mkakamavu. Mimi nilimjua. Tulipohamia hapa Kawangware karibu na dada yangu, kwa sababu kile chumba cha Kambi Muru kilikuwa kimejaa wewe kila kona, alizipanga kurasa zako juu ya kitanda, akauliza swali moja tu. "Stima anarudi vipi?"

Nikamwambia bado nafikiria. Basi akawa ananisaidia kufikiria. Kadogo arudi na waya mrefu. Masikio asikie tingatinga lina kasoro wapi. Stima aruke haraka sana kabla halijawaka. Kila jioni wazo jipya, na kila jioni mimi nasema, "Picha imekaa hivyo, mama." Nilijaribu, usidhani sikujaribu. Nilichukua karatasi ya pembeni nikamwandikia Stima, "Nakuja!" Nikaiweka juu ya picha. Mtu amenyoosha miguu namna ile, amekumbatia chuma, halafu anasema anakuja. Ulikuwa uongo, na watoto wangeona. Imani angeona wa kwanza, siku moja akiwa mkubwa, na angejua ni mimi nilimdanganya.

Nikamwambia. Nilimwambia tukichambua mboga, kwamba nafikiri Stima habanduki pale. Aliweka kisu chini. Akasema, "Wewe ndiye hutaki arudi. Hata hospitali ulimwacha, ukakuja peke yako."

Baba Imani, sijawahi kupigwa na neno namna hiyo. Nilitaka kumwambia mambo ya mrija, jinsi nilivyoshika mpaka vidole vikafa ganzi. Lakini ni mtoto. Nilichambua mboga. Kuanzia siku hiyo ananijibu kwa "eeh" na "la," na sauti ya Stima nyumbani ikakoma. Niliogopa. Nilikuwa nimekupoteza wewe, na sasa huyu anapita mbele yangu kila asubuhi na sare yake kama mpangaji mwenzangu.

Jumamosi iliyopita nikaamua. Asubuhi nilijaza wingu la Stima kwa wino. La Masikio nilikaa nalo mpaka chai ikapoa, sikupata hata herufi moja, nikaliacha. Mchana nikaanika kurasa kwenye kamba ya ploti, nikaita watoto. Walikuja wengi, wengine hawajui hata Kibera ikoje. Imani alisimama mbali, karibu na tangi la maji, amenipa mgongo. Nikasema moyoni, basi, leo ndiyo leo, akikataa leo sina njia nyingine.

Mtoto mmoja wa jirani akapewa Stima. Jamani, alimsoma kwa kisauti kama cha mbu. Ukurasa wa kwanza, wa pili. Nikaona mgongo wa Imani unakakamaa. Kwenye ukurasa wa msitu akageuka, akaja, akamsukuma yule mtoto kidogo. "Si hivyo. Hebu toka." Na sauti yako ikatoka kwenye mwili ule mdogo, nzito, ya tumboni. Nilishika nguzo ya kamba.

Akasoma Stima akifika msituni. Akasoma akianza kufifia, na akajua kuipunguza sauti, hakuna aliyemfundisha. Hakuna mtoto aliyeondoka. Mimi nilikuwa nasoma Masikio nikimwibia macho, kwa sababu kila pegi aliyoipita ilikuwa inamsogeza kwenye ukurasa ule, na hakujua nimeandika nini.

Akafika. Akaona wingu limejaa. Alisoma kwanza kwa macho, midomo inacheza. Kisha akaniangalia mimi. Watoto wakaanza, "Soma basi." Hakusoma. Upepo ukaupindua ukurasa, akaushika kwa mkono mmoja akautuliza. Nilidhani ataung'oa. Nilikuwa tayari aung'oe, auchane, ni wake.

Akasoma. "Fungeni mlango. Hii nimeishika mimi, siwezi kuiachilia. Nendeni nyumbani." Akasoma yote, kwa sauti yako, mpaka nukta. Machozi yalikuwa yanamtoka na sauti haikutetemeka. Kisha akapangusa pua na mkono wa sweta, akaniambia kwa sauti yake mwenyewe, "Mama, ni wewe sasa."

Wingu la Masikio lilikuwa tupu, naye alikuwa analiona ni tupu. Watoto wote wananiangalia. Nilimwangalia yule mwanamke uliyemchora, na mkono wake, na mtu aliyekaa chini anamwangalia kwa macho yako. Sikufikiria. Nilisema tu, "Nimesikia. Sitaki, lakini nimesikia. Nenda salama, mume wangu."

Halafu yule mwenye kisauti cha mbu akasema, "Ala, kwani Masikio ni bibi ya Stima?" Wakaanza kucheka, unajua watoto, wanapigana mabega, "Masikio ana mzee! Masikio ana mzee!" Nami nimesimama pale nimeaibika, sijui nifiche uso wapi, nafikiria jinsi ya kusema nimekosea, kwamba hilo si neno la hadithi, tusome tena.

Imani akawageukia. Mkali huyo, kama mimi. "Ni bibi yake," akasema. "Hamkujua?"

Akaja akanitia kalamu mkononi, akasimama amenishikilia ukurasa usipeperuke mpaka nilipomaliza kuyaandika maneno yale kwenye wingu la Masikio.

Ndivyo toleo la nne linavyokwenda saiba Jumatatu, Baba Imani. Pumzika sasa.

Mkeo,
Mama Imani