Mama, Ungeuacha Ule Mpapai

Mama yangu,

Nakuandikia nikiwa na hasira, afadhali nikuambie mapema. Jana nimepita pale kwenye bustani yenu ya Vingunguti. Wameweka geti. Ndani yanalala malori, na penye matuta yako ya matembele pamemwagwa kifusi.

Unakumbuka palivyokuwa? Jalala. Wewe na akina mama wenzako wa mtaani mlizoa taka kwa mikono, mkabeba samadi ya machinjioni kichwani mpaka kanga zenu zikawa hazivaliki tena msibani. Mzee Salehe, mwenye kiwanja, aliwaruhusu mlime mtakavyo, ila mti msipande. Uswahilini hilo halihitaji kufafanuliwa: aliyepanda mti ana la kudai.

Nawe ulilishika neno lake kuliko alivyolishika yeye mwenyewe. Kwa kuwa palikuwa jalala, kila mvua ikinyesha miembe na mipapai ilijiotea, nawe ukaing'oa. Kuna ule mpapai uliokuwa umeshanifika kiunoni. Nilikubembeleza uuache, nikakwambia hukuupanda wewe. Ukalishika shina, ukavuta.

"Tumeaminiwa, mwanangu," ukasema.

Mzee akafa, mwanawe akaja na mnunuzi. Kwenye kikao cha mtaa mlieleza jasho lenu lote, yeye amekunja nne anasikiliza. Mlipomaliza akauliza jambo moja tu.

"Sasa pale mna mti gani?"

Ukasimama wewe, umejitanda kanga yako. "Baba yako alitukataza, mwanangu. Sie tukamheshimu."

"Ahsanteni, mama. Basi mchicha wenu mng'oe kabla ya Ijumaa."

Kikao kikafungwa hapo. Jirani yetu aliyechomeka minazi kwa kificho upande wa pili wa kiwanja hichohicho, yeye kaachiwa kipande chake, na bado yupo, ananisalimia kwa furaha kabisa.

Ulianza kuumwa mwezi uleule. Hospitali walisema presha, nami sikubishana nao. Wenzako siku hizi wananunua mchicha sokoni Mabibo, wanapanga mafungu barabarani, wakifukuzwa wanahama. Wanakutaja kwa mapenzi, mama, na mie nageuza mazungumzo, kwa sababu nimekukasirikia. Uungwana wako uliitunza ardhi ya mtu vizuri mpaka ikapata mnunuzi.

Na wewe nimekukumbuka mpaka naumwa, hilo nalo ulijue.

Leo asubuhi nilikuja kukufagilia kaburi. Upande wa miguu yako umejiotea mpapai, mdogo bado, majani yake laini. Nikainama, nikaushika shina kama ulivyonifundisha. Mkono ulishazoea.

Nikauachia. Nikaenda bombani kwa mlinzi wa makaburi, nikachota maji, nikaumwagilia. Ukitaka kunigombeza, nigombeze. Siung'oi.

Mwanao,
yule uliyemwita mbishi