Kiti cha Mama

Bukavu, mvua imekatika kidogo

Dada Nabintu,

Salamu toka huku ku baridi. Leo nilienda kumuona tantine, shangazi yetu, ku hospitali. Aliteleza tu mulangoni, nyonga ikavunjika. Uwanjani, wamama wa rika yake, walioacha kwenda mwezini, walikuwa wanafanya mazoezi ya mifupa, wanainua miguu polepole na kuvuta pumzi, kama katika ngoma ya matanga. Tantine aliwaangalia toka dirishani. Akasema, "Wake za watoto wangu walinikalisha, eti ni heshima. Muganga anasema kukaa ndiko kumemaliza mifupa yangu."

Dada, Mama naye tunamukalisha vile. Kile kiti tulimutengenezea, mukipatie wageni.

Nawakumbatia wote. Na Mama akiomba jembe lake dogo, mumurudishie.

Mudogo wako,
Cibalonza