Santuri Iliyosimamisha Dansi

Maruku, Bukoba
18 Oktoba 1970

Mpendwa Kaka Datius,

Baada ya salamu za heshima kwako, kwa wifi Anatolia na kwa mtoto ambaye bado sijamwona, nauliza kwanza habari za afya zenu na za ile homa uliyoniandikia wakati wa Pasaka. Sisi huku hatujambo. Mama bado analalamikia goti, lakini hulalamika akiwa njiani kwenda kanisani, kwa hiyo sina wasiwasi naye. Dada yetu Clotilda amejifungua salama mtoto wa tatu. Tata, mzee wetu, ni mzima kuliko sisi sote. Ugonjwa wake ni uleule wa kukataa miwani na kudai kwamba magazeti ya siku hizi yanachapwa kwa wino hafifu.

Katika barua ile ya Pasaka uliandika kwamba hutakanyaga nyumbani Kishanda mpaka Tata alitamke jina lako kwa kinywa chake, mbele ya watu. Sikukulaumu wakati ule, na leo pia sikulaumu. Tangu ulipokiacha kibanja, shamba la migomba walimozikwa mababu, nawe ndiwe mrithi, ukaenda kuanzisha kijiji cha ujamaa huko Biharamulo, kila mgeni anapomuuliza Tata ana watoto wangapi hujibu kwamba ana mabinti wawili na ng'ombe mmoja mkaidi. Wageni hucheka. Mama hacheki. Nimeona nikueleze habari za santuri ya pili ya bendi yetu kwa utaratibu wake, bila kuruka hatua, kwa kuwa jambo hilo linakuhusu, nawe hukubali hitimisho ambalo hukuonyeshwa hoja zake.

Unajua kwamba siku za kazi ninapima migomba katika kituo cha utafiti hapa Maruku, na Jumamosi ninapiga kinanda cha umeme katika bendi ya Burhani, Ngurumo za Ziwa. Burhani mwenyewe unamkumbuka: mtoto wa fundi cherehani wa pale mjini, ambaye babu yake alitoka pwani, lakini yeye hutania kwa Kihaya mpaka wazee wa Kishanda wanaona haya. Santuri yetu ya kwanza ilikuwa rock ya Kiingereza kuanzia mwanzo hadi mwisho. Mutembei, mpiga dramu wetu ambaye pia ndiye mwimbaji, aliyakariri maneno yote pasipo kuelewa hata sentensi moja, akaimba kwa huzuni nyimbo ambazo baadaye tuligundua ni za furaha. Vijana wa mjini waliipenda. Ofisa mmoja wa utamaduni alitukaribisha ofisini kwake, akatupa chai, akatueleza kwa upole kwamba magitaa yetu yana sauti lakini hayana uraia. Tata alipoisikiliza kwenye gramafoni ya jirani aliuliza jambo moja tu: huyo anayepiga kelele anafukuzwa na nani?

Kati ya hukumu hizo mbili, Burhani aliona kwamba ya Tata ndiyo yenye uzito. Alikuwa amemsikia akipiga enanga, ala yetu ya nyuzi, katika harusi moja kule Kishanda, akaondoka na wazo kwamba nyuzi zile, zikiwekewa gita la besi chini yake na dramu nyuma yake, zingetoa rock ambayo mtu wa Bukoba hahitaji kutafsiriwa. Alikwenda kwa Tata akiwa amevaa kanzu na kubeba sukari, akakaa mchana kutwa. Mama alinieleza kwamba Tata alimwambia wazi kuwa enanga ni chombo cha kuimbia mashujaa, si cha kutikisia viuno. Burhani alijibu kwa heshima: waitu, mashujaa nao walikuwa na viuno. Tata alicheka hadi akakohoa, na baada ya kukohoa akakubali.

Basi mwezi wa Juni tulipanda meli mpaka Kisumu, kisha treni hadi Nairobi, Tata akiwa ameizungushia enanga yake kitambaa cha magome na kuikalisha kitini kana kwamba imelipiwa nauli. Mama alitufungia ndizi za kuchoma na kahawa ya kutafuna, na Tata aliwagawia kahawa abiria wote wa behewa letu, akishangaa kwamba baadhi yao waliuliza ni dawa ya nini.

Kazi ya kurekodi ilianza kwa taabu. Enanga haikupatana na kinanda changu. Magitaa huweza kukazwa au kulegezwa, kinanda cha umeme hakiwezi. Ama kilingane na chombo kingine, ama kinyamaze. Nilikaa na Tata, yeye akigusa uzi mmoja mmoja nami nikijaribu funguo zangu, mpaka nikathibitisha kwamba ni tatu tu ambazo hazikugombana naye. Kwa hiyo katika wimbo ule mkubwa, uitwao Kibanja, utanisikia nikipiga sauti tatu tu. Clotilda anasema sijawahi kupiga vizuri namna hiyo. Sijaamua kama hiyo ni sifa.

Nafika sasa kwenye jambo lenyewe. Tulikubaliana kwamba wimbo huo, wa mwisho katika upande wa pili wa santuri, uwe wa dakika tatu. Mutembei aliimba beti zake, Burhani akapiga gita lake, na Tata alipaswa kumalizia kwa enanga pekee. Badala ya kumalizia aliiweka enanga chini, akasimama, akashika chuma kinachobeba maikrofoni kama mtu ashikavyo mkuki, akaanza kwebuga. Huhitaji kukumbushwa nami kwamba mtu akianza kujisifu kwa desturi hiyo, akitaja jina lake, ukoo wake na matendo yake, hakatizwi, na waliopo humwitikia mpaka atakapokoma mwenyewe. Yule fundi wa mitambo, kijana wa Kihindi aliyekuwa nyuma ya kioo, aliinua mkono kutuashiria tukome. Hakuna aliyemtazama. Mutembei alikuwa amesimama wima, vijiti vya dramu kwapani. Burhani peke yake aliendelea kugusa uzi mmoja wa gita, taratibu, akiitikia pamoja nasi. Wimbo wa dakika tatu ukawa wa dakika saba. Fundi alidhani ndivyo tulivyoutunga, akatusifu kwa ujasiri wetu, na kwa kuwa siku zetu za kukodi chumba zilikuwa zimekwisha, ukabaki hivyo.

Njiani kurudi, Tata alisema kwamba tangu wafalme waondolewe, mtu hana tena wa kujisifu mbele yake isipokuwa harusini, na harusini watu wamekwisha kulewa. Kile kioo, alisema, kilikuwa na adabu zaidi.

Santuri ilifika Bukoba mwishoni mwa Agosti, na ungefurahi, Kaka, kuona ilivyopokewa. Katika dansi ya kwanza mjini, ukumbi ulikuwa umejaa, watu wanarukaruka vizuri tu, mpaka ikafika sehemu ya Tata. Wote wakasimama. Nilikuwapo, nami nathibitisha kwamba hapakuwa na aliyewaamuru. Wanaume walivua kofia, wanawake wakatulia, na kila Tata alipomaliza sifa moja ukumbi mzima uliitikia. Mwalimu mmoja mgeni, mtu wa Tanga, aliendelea kucheza peke yake katikati, hadi mama mmoja alipomshika mkono na kumuuliza kama kwao mzee akizungumza watu hukata viuno. Tata alipomaliza, santuri ikageuzwa na dansi ikaendelea pale ilipoishia. Sasa ndiyo desturi ya kila ukumbi. Vijana wameupa wimbo jina la Simama Kwanza.

Pale Muleba, mwenye mgahawa karibu na kituo cha mabasi aliupiga asubuhi moja, na abiria wa basi la Biharamulo wakakataa kupanda mpaka mzee amalize. Dereva alipiga honi mara moja, akaambiwa hana malezi, akazima injini. Kichekesho kikubwa kilitokea Kamachumu, ambako mzee mmoja, baada ya kumsikia Tata hadi mwisho, aliinuka na kuijibu gramafoni kwa sifa zake mwenyewe. Alipomaliza na gramafoni isimwitikie, aliondoka akisema kwamba mzee Karugendo amekuwa na majivuno. Tata alipopata habari hizo alifurahi wiki nzima, kisha akamtumia mzee huyo kibuyu cha rubisi, pombe yetu ya ndizi, kama fidia. Hata yule ofisa aliyetunyima uraia ametuandikia pongezi, na Burhani ameitundika barua hiyo juu ya cherehani ya baba yake.

Hadi hapa nimekupa habari za kufurahisha. Sasa nisome polepole. Redioni wimbo huo hupigwa dakika tatu za mwanzo tu, kwa kuwa ndio muda wanaoweza kuupa. Hivyo ninyi mnaosikiliza redio huko kijijini mmemsikia Mutembei, mmelisikia gita la Burhani, mmezisikia sauti zangu tatu, na maneno ya Tata hamkuyasikia. Kwa hiyo hujui alichosema.

Alisema kwamba yeye ni Karugendo, mwana wa Rwegasira, aliyepanda migomba mahali ambapo wengine waliona mawe. Kwamba mlango wake haukufungwa mwaka wa njaa. Kwamba amemzaa Ephrasia, anayeipimia serikali ndizi, na Clotilda, ambaye kicheko chake husikika ng'ambo ya bonde. Kisha akavuta pumzi; utaisikia, imeingia kwenye santuri. Akasema: mimi ndimi baba wa Datius, aliyekwenda kufyeka pori ambalo ndani yake hamna kaburi hata moja la mtu wake, na hakuogopa.

Nimekuandikia kama alivyosema, nimetafsiri tu kutoka Kihaya, wala sikuongeza neno. Wote tuliokuwa chumbani tuliitikia, na nakiri kwamba mimi niliitikia kwa kuchelewa.

Kwa muda mrefu niliamini kwamba yalimponyoka kwa sababu ya joto la wimbo. Nilikosea. Juma lililopita Burhani alinieleza jambo ambalo aliona si haki yake kulisema mapema. Kabla hatujaingia chumbani siku ile, Tata alimvuta kando akamuuliza kama sauti inayoingia kwenye chuma kile hutoka redioni, na kama redio hiyo hufika Biharamulo. Burhani alimwambia kwamba hufika hata Kigoma. Tata alisema Kigoma hana shida nayo. Akaomba maji ya kunywa, akaingia.

Kwa hiyo, Kaka, Tata anaamini kwamba umekwisha kumsikia tangu Agosti. Hajui kwamba redio huishia dakika ya tatu, nami sikuwa na moyo wa kumweleza. Hamuulizi mtu. Lakini kila siku ya basi la kutoka kwenu yeye huenda Muleba, eti kutafuta chumvi, na Mama anasema nyumba sasa ina chumvi ya kutosha kijiji kizima. Tata ameshakamua rubisi mara mbili, ya wageni, na mara zote mbili majirani wameinywa kabla haijaharibika, wakimshukuru kwa ukarimu wa ghafla. Jumamosi hii anaanza kukamua ya tatu.

Nisalimie sana wifi, umbusu mtoto kwa niaba ya shangazi yake, na uwape salamu zangu wanakijiji wenzako wote. Mama na Clotilda wanakusalimu. Tata hakunituma salamu, kwa kuwa anadhani amekwisha kukutumia.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Ephrasia Karugendo